Samaki Hawasomi Habari

Miaka saba ya kuandika ajali na misiba iliniibia usingizi. Dawa bado nameza, ila tangi la samaki pale sebuleni limenipa kazi. Kila Jumamosi napunguza robo ya maji, naongeza mengine yasiyo na klorini. Haraka haifai: bakteria wanaogeuza amonia, sumu itokanayo na uchafu wa samaki, huchukua wiki kadhaa kujijenga.

Mwaka 2015 watafiti wa Plymouth, Uingereza, walieleza kuwa kadiri samaki walivyoongezwa kwenye tangi, ndivyo mapigo ya moyo ya watazamaji yalivyozidi kushuka. Mimi kipimo sina, jamani. Najua tu kwamba saa nane usiku, simu nimezima, kuna samaki sita wanaonitegemea niamke kesho niwalishe. Na naamka.