Mkasi Wetu na Mbegu za Kwaresima



Wapendwa waamini, wiki hii tunawaandikia juu ya bustani iliyo mbele ya nyumba ya mapadre, na juu ya kosa tulilolitenda humo kwa mkono wetu wenyewe.

Tulipoipokea parokia hii, padre mzee aliyetutangulia alitukabidhi funguo, vitabu vya ubatizo na tuta moja la gailadia, yale maua mekundu yenye ncha za njano ambayo wengi wenu mmeyaona altareni. Alituomba tuyatunze. Leo yeye amelala katika makaburi ya parokia, nasi tulikuwa karibu kuyapoteza.

Gailadia huishi miaka kadhaa, ingawa si mingi. Ua likinyauka hukatwa pamoja na kikonyo chake, mpaka karibu na jani la kwanza lililo chini yake. Sababu yake ni nyepesi: mmea huchanua ili upate mbegu, ukinyimwa mbegu, hutoa matumba mapya. Basi kila Jumamosi tulipita na mkasi, na kila Dominika altare ilipendeza. Tulisifiwa, nasi tukapenda kusifiwa.

Kwaresima ya mwaka 2024 ilipofika, mkasi haukupumzika. Hapo ndipo penye aibu yetu. Maelekezo ya Jumla ya Misale ya Kirumi, namba 305, yanakataza kupamba altare kwa maua wakati wa Kwaresima, isipokuwa Dominika ya nne, sherehe na sikukuu. Tulikuwa na majuma yapatayo sita ya jua, bila haja kubwa ya maua, ambayo yangetosha mbegu kukomaa na kukauka kabla ya masika. Tuliendelea kukata kwa mazoea tu. Kisha zikaja mvua kubwa za mwaka ule. Gailadia haivumilii maji yanayotuama. Mizizi ikaoza, na kufikia Mei tuta lilikuwa tupu. Hatukuwa na mbegu hata moja.

Bibi mmoja, apikaye uji wa watoto wa chekechea, alisikia habari hiyo akaja na kitambaa kilichofungwa fundo. "Baba Paroko," alisema, "mkasi wako haukufika nyuma ya jiko langu." Huko mche mmoja ulikuwa umejiotea, naye aliuacha mpaka vichwa vyake vikawa vya kijivu, kama mipira midogo yenye manyoya. Alivikata asubuhi umande ulipokwisha kukauka, akavianika kivulini juu ya gazeti, kisha akavifikicha. Hakuzifungia mbegu katika nailoni, maana zenye unyevu huota ukungu humo. Wataalamu wana kanuni iitwayo ya Harrington: kila asilimia 1 ya unyevu inapopungua ndani ya mbegu, umri wake ghalani huongezeka takriban maradufu, na vivyo hivyo joto linaposhuka kwa nyuzi 5. Bibi hakuihitaji kanuni hiyo.

Tulizisia juu juu, kwa kuwa hupenda mwanga, na baada ya majuma mawili zikachomoza. Maua hayakufanana yote na yale ya zamani. Mengine ni ya njano tupu, kwani gailadia nyingi za bustanini ni chotara. Tulisikitika. Mpaka leo, tuendapo makaburini, humchagulia padre mzee yale mekundu.

Tangu mwaka 2025, Jumatano ya Majivu tunafunga uzi kwenye vikonyo vitano vya kila shina, na watumishi wa altare wanajua kwamba vilivyofungwa havikatwi. Vingine tunaendelea kuvikata, maana Pasaka yaja na maua yatahitajika. Mbegu tunaziweka katika bahasha za kaki, zenye tarehe juu yake, ndani ya chupa yenye kifuniko. Bahasha zimekwisha. Mwenye zilizokwisha kutumika azilete ofisini, hata zikiwa na anwani ya mtu mwingine.