Mchumba wangu aliitwa "nyie"

Kama una mchumba kutoka nchi jirani na unapanga kumpeleka kwenu kwa mara ya kwanza, angalia kwanza kalenda ya uchaguzi wa kwao. Sitanii. Mimi sikuangalia.

Ilikuwa Desemba 2007. Mwenzangu ni Mkenya, Mkikuyu wa Nakuru, tulikutana Arusha kikazi. Sisi Wachagga Krismasi lazima tupande mlimani, nikamwambia twende Old Moshi, upande wa Kidia, akajitambulishe kwa wazee. Wakenya walikuwa wanapiga kura tarehe 27. Yeye akasema kura yake moja haitabadilisha kitu. Nikafurahi, nikajiona nimependwa kuliko siasa.

Siku za kwanza zilikwenda vizuri mno. Mtori alikula, kata ya mbege aliipokea kwa mikono miwili, mama akaniminyia jicho. Tatizo likawa redio. Pale kwetu redio haizimwi, na wazee wanajadili siasa za dunia kama vijana wanavyobishana kuhusu Arsenal na Man U. Bush na Iraq, Mugabe na mashamba, kila mtu ana timu. Bingwa wao ni bamdogo wangu. Hajawahi kuvuka mpaka wa Holili, lakini majimbo ya Kenya anayajua kama vihamba vya majirani. Yeye alikuwa Raila damu, kwa sababu ni mtu wa mageuzi tangu 1995 alipompigia kura Mrema wetu wa Vunjo. Mrema alipata karibu asilimia 28, Mkapa akachukua nchi, na mpaka leo ukimkumbusha bamdogo habari hiyo anabadilika sura.

Jioni ya tarehe 30 yakatangazwa matokeo. Kibaki kashinda kwa kura kama 230,000, na muda si mrefu kaapishwa Ikulu huku giza linaingia. Bamdogo akaweka kata chini.

"Hizi kura zimeibwa."

Mwenzangu kimya. Angeishia hapo yasingetokea makubwa, maana wapo Wakenya wengi waliosema hivyo hivyo. Lakini akamgeukia mgeni: "Nyie Wakikuyu mnadhani Kenya ni kihamba chenu?"

Baba akakohoa. Mama akaniita jikoni bila sababu.

Usiku tukasimama nje kwenye migomba. Akaniambia, "Kibaki mumseme hadi asubuhi, mimi sina shida. Lakini mimi nimeiba nini?" Na mimi, badala ya kumsikiliza, nikamtetea bamdogo: ni mzee, kanywa, vumilia tu. Hilo ndilo kosa langu katika hadithi hii, na nimelilipia. Akasema kesho anaondoka, mambo ya mahari tutaongea "siku nyingine". Wewe msomaji unajua siku nyingine ya namna hiyo huwa haifiki.

Kilichoniuma ni kwamba nililijua hilo neno. Ofisini, ikipotea hela hata elfu tano, lazima mtu atanie, "Mchagga yuko wapi?" Wote wanacheka, na mimi nacheka. Nikifika nyumbani sicheki.

Hakuondoka. Asubuhi tulisikia barabara nyingi za Kenya hazipitiki. Halafu tarehe 1 Januari redio ikatangaza kanisa limechomwa Kiambaa, karibu na Eldoret, likiwa na watu ndani waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto, Wakikuyu. Dada yake aliishi Eldoret na watoto wawili. Simu yake haipatikani. Akapiga mara sijui ngapi, amesimama pale uani penye mtandao, na sisi wote tunamwangalia. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimwona bamdogo akiinuka kuzima redio.

Kesho yake mchana simu ikabipu, namba ngeni ya Kenya. Akapiga. Dada alikuwa kituo cha polisi na watoto, nyumba imeungua. Mwenzangu akakaa chini kwenye majani, akalia. Baba akamfunika koti lake.

Jioni bamdogo akaja na jani la isale. Kwetu ukiletewa isale umeombwa msamaha, na kukataa ni jambo zito sana. Maskini mgeni akalishika kama tiketi ya basi. "Nilifanyie nini?" Kaka yangu akamnong'oneza, "Lipokee tu, shemeji."

Bamdogo hakulainisha maneno: "Kura zimeibwa, hilo silifuti. Ila wewe hukuiba."

Februari 28, 2008 Kibaki na Raila walipotia saini makubaliano jijini Nairobi, Kofi Annan akiwa msuluhishi na Kikwete yupo kama mwenyekiti wa Umoja wa Afrika, tulikuwa tumeshapanga siku ya mahari. Waliokufa walikuwa zaidi ya 1,100. Bamdogo alichoona yeye ni kwamba Mkapa naye alikuwa kwenye jopo la Annan. "Huyu aliyemshinda Mrema!" Novemba, Obama aliposhinda Marekani na Kenya ikatoa siku ya mapumziko, alimpigia simu mkwe wake: "Safari hii nyie mmeshinda!" Mkikuyu wangu akapokea pongezi za Mjaluo bila kinyongo.

Nyumbani kwetu tunabishana uchaguzi wowote, wa kwao, wa kwetu, wa Wamarekani. "Nyie" tu ndiyo marufuku. Nimeivunja sheria hiyo mara nyingi kuliko yeye, 2017 hasa, na kila mara nimeomba radhi. Isale sina, napika chai.

Oktoba 2025 Raila alifariki, tarehe 15. Mume wangu, ambaye hakuwahi kumpigia kura, alishinda siku nzima hana la kusema. Wiki mbili baadaye ikawa zamu yetu. Tarehe 29 tulikuwa Old Moshi. Intaneti ikazimwa, Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku, habari za vifo zikawa zinakuja kwa simu za kawaida, kwa sauti ya chini. Mama mkwe akapiga kutoka Nakuru, sauti inatetemeka. "Nyie watu wa Tanzania, kumetokea nini huko? Mko salama?"

Nilikuwa nimeweka spika. Nikampa bamdogo simu amjibu, kama mkubwa wa nyumba. Akaishika, akaiangalia, akanirudishia.