Lugha Iliyorudi Kwanza

Baba mkubwa alipatwa na kiharusi Kpandroma, siku ya soko, akiwa anapima viazi. Nilipofika kutoka Bunia wiki ya pili, mkono wake wa kuume ulikuwa umelala juu ya paja, na kinywani lilitoka neno moja tu, kila mara lile lile. Huyu ndiye aliyebishana bei kwa Kiswahili mpaka Mahagi, akahesabu faida kwa Kifaransa na kututania kwa Kialuri.

Darasani tulisoma habari ya mgonjwa wa Paul Broca, mwaka 1861, aliyebaki na silabi «tan». Niliandika mtihani juu yake nikapata alama nzuri. Sikujua kwamba mgonjwa wa namna hiyo hukutazama hivyo.

Mama aliuliza swali moja: ubongo huota tena? Nikatafuta. Mwaka 1913 Santiago Ramón y Cajal aliandika kwamba njia za neva za mtu mzima hazibadiliki tena. Miaka ya 1960 Joseph Altman aliona seli mpya kwa panya wakubwa, wachache wakamsadiki. Miaka ya 1980 Fernando Nottebohm alizikuta kwa kanari, tena palepale ubongo unapoongoza wimbo. Mwaka 1998 Peter Eriksson na Fred Gage walizionyesha kwa binadamu, ndani ya hipokampasi, sehemu ya kumbukumbu; mwaka 2018 tafiti mbili zikapingana, na ubishi ungalipo. Lakini seli hizo si za kuziba pengo la kiharusi. Kinachorudisha maneno, kwa sehemu kubwa, ni seli zilizosalia kuunganika upya, nazo huhitaji mazoezi. (Kanari ametuzidi hapo.)

Mama nilimwambia tu: azungumzishwe.

Kwa lugha gani? Théodule Ribot, mwaka 1881, alishika kwamba yaliyoingia kwanza ndiyo yanayodumu. Albert Pitres, mwaka 1895, alisema hurudi kwanza lugha iliyozoeleka zaidi. Kwa mfanyabiashara wetu ningeweka dau langu kwenye Kiswahili. Mwezi wa tatu maneno yakaanza kuja, na yote yalikuwa ya Kilendu.

Nami Kilendu sikijui. Mama alitulea Bunia kwa Kiswahili; miaka ya vita lugha ya mtu mjini ilikuwa kitambulisho, na kitambulisho kiliweza kukuua. Simlaumu. Ila nilikaa mbele ya mzee wangu, mimi mwanafunzi wa lugha, nikingoja mkalimani.

Likizo hii tunajifunza pamoja. Dada mdogo, binti yake, ananyosha kidole: kikombe, moto, jembe. Baba mkubwa analitafuta neno, analipata, nami nalirudia. Kilendu kina toni, na masikio yangu ni ya Kiswahili. Juzi nilikosea neno moja mara nne. Alifumba macho, akatikisa kichwa, kisha akainua kiganja cha kushoto polepole: juu, juu zaidi, mpaka sauti yangu ikakifikia.