Njia ya Lubero na Miguu ya Pikipiki

Yeyote aliyepita njia ya Butembo kwenda Lubero anajua kwamba njia ile haimhurumii mwenye haraka. Ni kilometa 45 hivi tu, lakini vilima havihesabiki, na udongo wake mwekundu hugeuka sabuni mara mvua inaponyesha. Mji wa Butembo umekaa juu sana, karibu meta 1,800 kupita usawa wa bahari, na baridi ya asubuhi humfanya mgeni aulize kama kweli yuko penye ikweta. Naam, yuko. Mstari wa ikweta hupita katikati ya njia hiyo, Butembo ikiwa upande wa kaskazini na Lubero upande wa kusini.

Safari tunayoisimulia ni ya mwezi wa Novemba 2017, kabla ya vita vya mwaka 2024 kuwatawanya watu wengi wa kusini mwa nchi ya Lubero. Tulipanda pikipiki ya shule, na nyuma yetu alikaa kijana mmoja wa darasa letu. Mama yake alikuwa amelazwa Lubero, naye daktari alikuwa amepanga kumpasua kesho yake. Kijana alikuwa amejifunga kiunoni kitambaa chenye fedha za matibabu, zilizochangwa na wajomba zake. Kila tuliporuka shimo, tulisikia mkono wake ukienda kupapasa kile kitambaa.

Njiani mashamba ya viazi, kabichi na maharagwe yalipanda vilima mpaka kwenye ukungu, na mikalitusi ilisimama kila upande. Tulipishana na chukudu nyingi. Wasomaji wa Kivu hawahitaji kuelezwa. Kwa wengine tuseme kwamba ni chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, kisicho na moteri, nacho hubeba magunia ambayo punda angeyakataa. Chukudu haina amotiseri. Kila shimo humfikia mwenye kuisukuma katika mabega na magoti, basi yeye hulichungulia kila shimo kabla ya kulifikia. Sisi wa pikipiki tumezoea kudekezwa, hata tunasahau kutazama.

Karibu na Musienene tuliteremka mlima mmoja kwa mwendo ambao leo hatungependa kuutaja. Chini kulikuwa na mfereji uliokata njia. Gurudumu la mbele liliingia, usukani ukazama, tukasikia chuma kikigonga chuma, kisha pikipiki ikainuka kama mbuzi. Tulishika breki ya mbele: haikushika kitu. Tukaenda kulala matopeni kando ya njia. Kwa rehema ya Mungu hakuvunjika mtu. Kijana alichunika goti, akapapasa kiuno chake, akasema, «Ziko, Mwalimu.»

Tulipoitazama pikipiki tuliona aibu. Mguu wa kuume wa mbele ulikuwa umelowa mafuta tangu juu mpaka chini, na mafuta hayo yalikuwa yametiririka hadi kwenye diski ya breki. Tena hatukuweza kusema kwamba hatukujua. Majuma mengi tulikuwa tumeona doa lile, na kila asubuhi tukalipangusa kwa kitambaa. Fundi mmoja alikuwa amekwisha kubadili spi mara mbili, yaani ule mpira wa duara unaozuia mafuta yasitoke. Na mara zote mbili mafuta yalirudi.

Tuliisukuma mpaka kwenye garaji moja, yaani nguzo nne za mikalitusi na shitingi juu yake. Fundi alikuwa mzee wa mvi, mwenye maneno machache. Alikanyaga kanyagio, akasukuma usukani chini kwa mikono miwili. Upande wa mbele uliruka mara tatu, mara nne, kabla ya kutulia.

«Mwalimu, humu mna resori peke yake,» alisema. «Mafuta yamekwisha kwenda zake.»

«Mzee, si resori ndiyo inayotubeba?»

«Resori inakubeba. Mafuta ndiyo yanayoituliza.»

Hapo tulipata darasa ambalo hatukulipata shuleni. Kila mguu wa mbele ni bomba la chuma linalong'aa, linaloingia na kutoka ndani ya ala ya alumini. Ndani mna resori ndefu, na mafuta, na kijiti cha chuma chenye vitundu vidogo. Gurudumu likipanda jiwe, bomba huzama, na mafuta hulazimishwa kupita katika vile vitundu. Kwa kuwa njia ni nyembamba, hupita polepole, na nguvu ya pigo hugeuka joto kidogo katika mafuta. Yakikosekana, resori hurudisha pigo lote ililopokea. Pikipiki za zamani zilikuwa na resori bila mafuta. Ni kiwanda cha BMW cha Ujerumani kilichouza kwanza, mwaka 1935, pikipiki zenye miguu ya bomba iliyotulizwa kwa mafuta. Tangu siku hizo jambo lenyewe halikubadilika sana, na pikipiki nyingi zinazopanda vilima vya Lubero hutembea kwa maarifa yale yale.

Mzee aliweka kreti ya bia chini ya moteri, gurudumu la mbele likaning'inia. Alilitoa, akazifunga taya za breki kwa kamba zisije zikavuta mpira wake. Kabla ya kulegeza vibano vya usukani, alilegeza kwanza vizibo vya juu. Kwa maana mguu ukiisha kutoka, hakuna kitu cha kuushika usizunguke. Kizibo alikitoa kwa uangalifu, uso wake ukiwa kando, kwa sababu resori iliyobanwa haina adabu. Mafuta ya mguu wa kushoto yalitoka meusi, yenye harufu mbaya na chembe za chuma zilizometameta. Ya mguu wa kuume hayakujaza hata kikombe cha chai.

Kisha akalifuta lile bomba la kuume, akapitisha ukucha wake juu yake taratibu. «Lete kidole, Mwalimu.» Tukapeleka kidole. Palikuwa na vitundu vitatu vya kutu, vidogo kama ncha ya sindano, mahali hasa ambapo spi hupita kila mara. «Huyu ndiye mwizi wako. Spi mpya ikipita hapa, inakatwa. Ungebadili mia, zingekatwa mia.» Bomba la kushoto nalo lilikuwa na kutu, lakini juu kabisa, karibu na usukani, ambako spi haifiki, hiyo aliiacha. Aliyaviringisha mabomba yote mawili juu ya kipande cha kioo, naye alipoona hayachezi akasema hayakupinda.

Dawa ya kweli ilikuwa bomba jingine, nalo lilipatikana Butembo tu, kwa bei iliyoshinda fedha tulizopewa na shule. Kijana alisikia yote. Akaanza kufungua kitambaa chake pasipo kuambiwa. «Mwalimu, tukope humu. Mama hatajua.» Tulikiri kwamba tulinyamaza kitambo kuliko ilivyotupasa, maana jua lilikuwa linakwenda. Ni mzee aliyejibu kabla yetu: «Funga, mwanangu. Hizo si za pikipiki.»

Akatafuta gundi ya mirija miwili, ile inayochanganywa ikawa ngumu kama jiwe. Akavikwangua vile vitundu, akaviosha kwa esansi, akavijaza. Tulikaa karibu na moto saa mbili na zaidi tukiungoja ugumu wake, tukila viazi vya kuchoma. Halafu akasugua kwa msasa laini uliotiwa mafuta mpaka ukucha haukusikia kitu. «Ni dawa ya miezi, si ya miaka,» akatuonya.

Kijana ndiye aliyekuwa msaidizi wake. Alivika mfuko wa nailoni juu ya ncha ya bomba ili mdomo wa spi mpya usikwaruzwe unapopita. Akashika spi ya zamani juu ya ile mpya, mzee akaigonga polepole kuizunguka pande zote, isiingie upande. Mafuta mapya yalipimwa kwa sirinji. Pikipiki ndogo nyingi huomba mililita 150 hadi 200 katika kila mguu, lakini kitabu chake ndicho chenye neno la mwisho. Mzee hakutosheka na sirinji. Alilipampu kila bomba ili hewa itoke, akalizamisha mpaka chini kabla ya kurudisha resori, akaingiza kijiti na kupima mafuta yalipofika. Miguu yote miwili ilipaswa kulingana. Diski aliiosha kwa esansi. Plaketi zilizonywa mafuta alizitupa, akaweka nyingine zilizokwisha kutumika nusu, lakini kavu.

Mwisho alishika breki ya mbele na kusukuma usukani chini kwa uzito wake wote. Ulizama, ukarudi mara moja, taratibu, ukatulia.

Tuliingia Lubero magharibi, tukiteremka kila mlima kwa mwendo wa mtu wa chukudu. Kijana alihesabu fedha mbele ya mjomba wake. Hazikupungua hata faranga moja. Mama alipasuliwa asubuhi, akapona.

Nasi tangu siku hiyo tulikuwa tukipitisha kitambaa cheupe katika mguu wa kuume kila jioni. Kwa miezi minne kilitoka kikavu. Katika mwezi wa tano kikatoka na doa, tukaenda Butembo kutafuta bomba.