Nilimwachisha Wifi Yangu Dawa

Mimi ni mfamasia, na kwa jibu langu moja la haraka mgonjwa aliacha dawa aliyokuwa akiihitaji sana. Mgonjwa huyo ni wifi yangu, mke wa kaka. Ameniruhusu niyaeleze haya.

Wifi ana baridi yabisi. Kabla ya kupata ujauzito alikuwa akijichoma adalimumabu, miligramu 40 kila baada ya wiki mbili. Hiyo ni kingamwili iliyotengenezwa maabara kuzuia kemikali ya mwili inayochochea uvimbe kwenye viungo. Daktari wake aliisimamisha katikati ya ujauzito, akamwambia airudie akishajifungua. Siku ya kuanza ilipofika, alinipigia simu. "Wifi, nikijichoma hii sindano mtoto hatadhurika na maziwa?"

Nilikuwa dirishani, wateja wamejaa. Nikamjibu, "Dawa kali kama hiyo? Chagua moja, sindano au kunyonyesha." Sikufungua kitabu, wala sikumuuliza daktari wake alikuwa amesemaje.

Alichagua kunyonyesha. Sindano zikabaki kwenye friji. Baridi yabisi huwa na tabia ya kuamka baada ya uzazi, na kwake iliamka vibaya. Nilipokwenda kuwatazama, vidole vyake vilikuwa vimevimba kiasi cha kushindwa kufunga vifungo vya nguo ya mtoto. Kaka ndiye aliyembeba mtoto na kumweka kifuani kwa mama yake anyonye, kwa sababu viganja vyake havikuhimili uzito ule. Nilipomuuliza kulikoni, akasema, "Si ulinikataza, wifi?"

Usiku huo nilisoma nilichopaswa kukisoma kabla ya kufungua mdomo. Molekuli ya kingamwili hizi ni kubwa mno, yapata daltoni 150,000, wakati ya ibuprofeni ni 206 tu. Kwa ukubwa huo hupenya kwenye maziwa kwa shida. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2018, kati ya wanawake 21 waliokuwa wakitumia adalimumabu, dawa ilionekana kwenye maziwa ya wawili tu, tena kidogo sana. Hicho kidogo nacho ni protini, na tumbo la mtoto hukimeng'enya kama protini nyingine. Watoto walionyonya huku mama zao wakitumia dawa za aina hii hawakuugua maambukizi zaidi ya wenzao, wala hawakuchelewa kukua.

Kilichoniumiza zaidi ni kwamba swali lenye uzito sikuliuliza kabisa. Hatari kubwa iko kwenye ujauzito. Miezi ya mwisho, kondo la nyuma husafirisha kingamwili kwa wingi kutoka kwa mama, na dawa inaweza kukaa kwenye damu ya mtoto kwa miezi kadhaa. Mtoto wa namna hiyo akipewa chanjo yenye vijidudu hai, kama BCG tunayowachoma watoto wetu wakizaliwa, anaweza kudhurika vibaya. Nilipaswa kumuuliza wifi sindano ya mwisho alichoma lini. Mimi nikahangaika na maziwa.

Nilijiona mwangalifu. Ukweli ni kwamba nilijilinda mimi: nikikataza, hakuna atakayenilaumu. Niliisahau gharama ya kukataza, na gharama hiyo aliilipa mama mzazi kwa viungo vyake. Daktari alimrudishia sindano, uvimbe ukashuka, na mtoto ameendelea kunyonya. Lakini kidole kimoja cha wifi hakijanyooka mpaka leo, na gegedu likishalika halirudi. Nimemwomba radhi, amenisamehe. Kidole kimebaki vilevile.

Sisemi kila kingamwili ni salama kwa anayenyonyesha. Zile za saratani zina masharti yake, na nyingine mpya bado hazijachunguzwa vya kutosha. Ndiyo maana kila dawa iangaliwe kwa jina lake, na daktari aliyeiandika aulizwe. Mama unayenyonyesha, usiache dawa kwa kauli ya mtu wa dirishani, hata akiwa ndugu yako. Nanyi wafamasia wenzangu, msipokuwa na uhakika, semeni "ngoja niangalie," kisha mwangalie kweli.