Ufalme Nyuma ya Mlima: Safari ya Rwenzururu

Wengi wetu tunaokaa Beni na Butembo huuona mlima Rwenzori kwa mbali tu. Mvua ikikatika na mawingu yakifunuka alfajiri, watu wa Beni huinua macho upande wa mashariki na kuona weupe kidogo juu ya buluu ya mlima. Baada ya kitambo kidogo mawingu hurudi, na kila mtu huenda shambani kwake au sokoni. Shuleni watoto hujifunza kwamba kilele chake, Margherita, kina urefu wa meta 5,109, na kwamba katika Afrika nzima ni Kilimanjaro na Kenya tu ipitayo mlima huu. Lakini ni wachache wajuao kwamba nyuma ya mlima huo kuna ufalme, na ya kwamba watu wa ufalme huo huitwa kwa majina yetu wenyewe. Kwa sababu hiyo sisi walimu wachache tulichanga nauli, tukafunga safari wakati wa likizo kubwa, twende tukautembelee ufalme wa Rwenzururu.

Jina lenyewe si geni kwetu. Nzururu ni theluji. Rwenzururu ni mahali pa theluji. Wazungu walilisikia jina hilo vinywani mwa wenyeji, wakaliandika kwa namna yao: Rwenzori.

Toka Butembo mpaka Beni ni kilometa 54. Tuliiacha baridi ya vilima na mikalitusi yake, tukashuka kwenye joto la Beni. Toka Beni tulishika barabara ya Kasindi, yenye kilometa karibu 80, kati ya mashamba ya kakao na michikichi. Yafaa tuseme wazi kwamba barabara hii si ya matembezi. Tangu Oktoba 2014 watu wengi wameuawa katika vijiji vya Beni, na msafiri wa njia hii huona mashamba yaliyorudiwa na msitu, kwa kuwa wenyewe wamekimbia au wamekufa. Tulisafiri mchana, pamoja na magari mengine, tukisali rozari kimya kimya.

Tulivuka daraja la Semuliki. Mto huu hutoka ziwa Edward, hupita chini ya mlima, huingia ziwa Albert, na maji yake huishia katika mto Nile. Theluji inayoyeyuka juu ya Beni hufika hata Misri! Mbele kidogo kuna njia ya kwenda Mutwanga, mji ulio miguuni pa mlima, ambako maji ya mto Butahu yanatoa umeme tangu mwaka 2013, na umeme huo unaendesha kiwanda cha sabuni na cha chokoleti. Toka Mutwanga ndiko ilikoanzia njia ya zamani ya kuupanda mlima kwa upande wa Kongo, ndani ya hifadhi ya Virunga iliyowekwa mwaka 1925. Wabelgiji wa msafara wa 1932 waliupanda mlima kwa upande huu. Lakini kwa miaka mingi vita vimewazuia wageni, na mtoto wa Mutwanga hukua chini ya theluji asiweze kuikaribia. Basi sisi nasi tulilazimika kuuzunguka mlima ili tuuingie kwa mlango wa pili.

Mpaka wenyewe ni mto mdogo, Lubiriha. Mwaka 1910 wakubwa wa Uingereza na Ubelgiji walipatana juu ya mstari utokao kilele cha Margherita na kushuka pamoja na mto huo. Toka siku hiyo watu wa mashariki wakawa wa Uganda, wakaitwa Bakonzo. Wa magharibi wakawa wa Kongo, wakaitwa Banande. Upande huu ni Kasindi, upande ule ni Mpondwe. Ukivuka, saa yako husogezwa mbele kwa saa moja, na gari lililokuwa likienda kuume huhamia kushoto. Hayo ndiyo mambo mawili yaliyogeuka. La tatu tulilitafuta, tusilione. Kina mama wenye vikapu vya samaki na mihogo walikuwa wakibishana bei kwa lugha ileile ya Butembo. Na tuliposema “Wasingya”, yaani asante, hakuna aliyetuuliza tumetoka wapi.

Hata msiba ni mmoja. Pale Mpondwe, usiku wa tarehe 16 Juni 2023, waasi wale wale wanaotusumbua sisi waliivamia shule ya sekondari ya Lhubiriha, wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Mpaka haukuwazuia wauaji, wala haukuyazuia machozi.

Huko Kasese tulipokewa na kiongozi wetu wa safari, kijana Mkonzo mpole, mwenye kazi ya kuwaonyesha wageni mlima na desturi zake. Aliomba orodha ya majina yetu ili ayaandike kitabuni. Alipoisoma alicheka, akasema, “Walimu, ninyi si wageni, hii ni orodha ya darasa letu.” Kisha akatufundisha jambo tulilokuwa nalo nyumbani siku zote bila kulitafakari. Kwetu mtoto wa kwanza mwanamume ni Paluku. Kwao ni Baluku. Wa pili kwetu ni Kambale. Kwao ni Bwambale. Wa tatu ni Kasereka. Kwao ni Masereka. Wa nne ni Kakule. Kwao ni Kule. Wa tano ni Katembo. Kwao ni Thembo. Na binti wa kwanza ni Masika, huku na huku. Majina haya hayachaguliwi kwa kupendeza. Mtoto huyapokea kwa zamu ya kuzaliwa kwake. Kwa hiyo yamekaa zaidi ya miaka mia bila kuharibika, ijapokuwa serikali mbili zimepita kati ya ndugu na ndugu.

Jioni, tulipokuwa tukila ugali wa muhogo na samaki wa ziwani, kiongozi wetu alitusimulia habari za ufalme. Wakati wa Waingereza Bakonzo waliwekwa chini ya ufalme wa Toro, wakalipa kodi huko na kudharauliwa kwa lugha yao. Wazee watatu, Nyamutswa, Tibamwenda na Kapolya, waliongoza uasi. Wakanyongwa mwaka 1921. Baadaye akainuka mwalimu wa shule, Isaya Mukirania. Yeye na wenzake walitangaza mwaka 1962 kwamba Rwenzururu imejitenga na Toro, na mwaka uliofuata akawa mfalme, yaani Omusinga, akikaa juu milimani. Alifariki mwaka 1966, na mwanawe Charles Wesley Mumbere akarithi kiti akiwa mtoto wa miaka kumi na mitatu tu. Mwaka 1982 Mumbere alipatana na serikali, watu wake wakaweka silaha chini. Akaenda Marekani kusoma, na huko, katika jimbo la Pennsylvania, akafanya kazi ya kuwatunza wagonjwa na wazee kwa miaka mingi. Fikirini, wasomaji: mfalme akiwaosha wazee wa watu wengine! Tarehe 19 Oktoba 2009 alitawazwa mbele ya watu wake, na serikali ya Uganda ikaukubali ufalme kuwa ufalme wa desturi.

Lakini amani haikudumu. Mwezi wa Novemba 2016 askari wa serikali walilishambulia jumba la mfalme mjini Kasese. Watu zaidi ya mia moja walikufa, mfalme akakamatwa. Mashtaka yake yalifutwa mwaka 2023, naye akarudi Kasese mwaka huohuo. Kiongozi wetu aliyasimulia hayo kwa sauti ya chini, bila kumlaani mtu. Twaona kwamba ni vizuri mgeni ayasikie, maana anayetazama ngoma na mavazi ya ufalme bila kujua makaburi yake, huyo hajautembelea ufalme.

Siku ya tatu tulifika Nyakalengija, ambapo njia ya mlimani huanza. Hatukuwa na nguvu wala vifaa vya kufika kileleni. Safari hiyo huchukua kama siku saba. Tulipanda siku moja tu, mpaka kibanda cha Nyabitaba, kwenye meta 2,651. Kwanza tulipita mashamba ya kahawa na mihogo, kisha msitu mkubwa. Juu yake huja mianzi, kisha miti iliyofunikwa na kuvu ndefu kama ndevu za wazee, kisha mimea mirefu ya ajabu isiyoonekana bondeni, na mwisho mawe na barafu. Kibanda cha pili kinaitwa John Matte, jina la Mkonzo aliyewaongoza wapandaji wengi. Vilele vyenyewe vimebeba majina ya wafalme na malkia wa Ulaya, kwa kuwa mtawala wa Abruzzi, Mwitalia, aliyefika juu mwezi wa Juni 1906, aliviita hivyo. Lakini kila mgeni aliyefika juu alifika kwa miguu na mabega ya wenyeji.

Wenyeji wenyewe hawakuwa na haraka ya kukanyaga theluji. Wazee wao walisema kwamba Kitasamba, bwana wa mlima, anakaa huko, na juu ya wote yuko Nyamuhanga, Muumba. Sisi Wakristo hatumwabudu Kitasamba. Lakini jina la Nyamuhanga tunalifahamu, maana ndilo jina tunalomwitia Mungu katika lugha yetu. Na heshima ile ya kuingia mlimani kwa unyamavu, kama mtu aingiaye nyumba ya mwingine, hiyo yafaa kuigwa.

Wala si Bakonzo peke yao wenye heshima hiyo. Mbali sana, katika milima ya Himalaya, kuna ufalme wa Wabuddha uitwao Bhutan. Wageni walianza kupokewa huko kama watalii mwaka 1974, nao hutembea pamoja na kiongozi wa nchi na kulipa ushuru wa kila siku. Mlima wao Gangkhar Puensum una meta karibu 7,570, na hakuna aliyewahi kufika kileleni, kwa kuwa serikali ilikataza kupanda milima mirefu, kwa ajili ya kuheshimu imani ya wenyeji. Ufalme mdogo umewafundisha matajiri wa dunia kubisha hodi.

Ila mlima wetu hauwezi kulindwa kwa kubisha hodi tu. Mwaka 1906 barafu yake ilienea karibu kilometa za mraba 6.5; mwaka 2003 haikufika kilometa moja. Wataalamu husema kwamba huenda itakwisha kabla ya mwaka 2050, kwa sababu ya joto la dunia linaloongezeka kwa moshi wa viwanda na magari, vilivyo vingi zaidi katika nchi za mbali kuliko kwetu. Tulipomwuliza kiongozi wetu ufalme utaitwaje theluji ikiisha, alifikiri kidogo, akajibu, “Tutaendelea kuitwa Rwenzururu. Watoto watauliza maana yake, nasi itatupasa kuwaeleza.”

Jumapili, kabla ya kurudi, tulisali Misa mjini Kasese, jimbo lililoundwa mwaka 1989. Masomo yalisomwa kwa Lhukonzo, nasi tukayafahamu tangu neno la kwanza mpaka la mwisho. Wakati wa kupeana amani tulishikana mikono na akina Baluku, Bwambale na Masereka.

Basi, wazazi wapenzi, si kila jamaa itaweza kufanya safari hii. Nauli ni ghali na njia ina hatari. Lakini kuna safari ambayo kila jamaa yaweza kuifanya jioni moja karibu na moto. Mwite Kambale wako, umweleze kwa nini anaitwa Kambale, na ya kwamba ng’ambo ya mlima yuko ndugu yake aitwaye Bwambale. Mwambie theluji ilikuwa kubwa kiasi gani babu yake alipokuwa mtoto. Ramani imeuchora mlima kama ukuta; nyumba zetu na ziwafundishe watoto kwamba ni paa la nyumba moja yenye milango miwili.