Wazo Lipite Njia Yake

Baada ya sala ya alfajiri, kabla jua halijachomoza, wengi wetu husalia juu ya msala tukivuta uradi. Nyumba imenyamaza, watoto hawajaamka, na hapo ndipo fikira hujia kwa makundi: karo ya muhula, deni la dukani, neno la wifi siku ya harusi. Sisi wenye mabinti waliokwenda kufanya kazi Saudia tunayo moja inayozishinda zote: simu haijalia tangu Ijumaa. Ukiifuata fikira hiyo, tasbihi haijesha umeshamwona mgonjwa, umeshamlilia, hata matanga umeyaweka. Na huenda mwenyewe, kwa kuwa saa zao na zetu ni moja, ndiyo kwanza anatandika msala wake.

Imam Ghazali, aliyefariki Tus mwaka 1111, amelieleza jambo hili katika Ihyau Ulumiddin. Linalopita moyoni kwanza aliliita khatir. Baada yake huja mwelekeo wa nafsi, kisha moyo kukata shauri, kisha azma. Kwa mawili ya mwanzo mtu hahesabiwi, kwani hayamo katika hiari yake. Maelezo haya yametufariji mno, hasa wenzetu wanaodhani kuwa kujiwa na wazo baya ni upungufu wa imani. (Wako wanaorudia udhu mara nne kwa ajili hiyo, wakatoka na wasiwasi zaidi kuliko walioingia nao.)

Basi wazo likija katikati ya uradi, hatulifukuzi, maana wazo lifukuzwalo hurudi na wenzake. Wala hatulikaribishi. Aketiye barazani huwaona wapitao njiani. Huyu humwamkia, yule humtazama tu, wala hainuki kumfuata kila mmoja hadi kwake. Simu haijalia: haya, tumekuona. Kidole chateremsha punje ya pili. Pengine wazo lilo hilo huzunguka likarudi mara kumi katika punje 33, nasi mara kumi twarejea kwenye uradi. Ziko siku hatupati hata punje tano zenye utulivu.

Wapo wanaosema huku ni kutojali. Hatuafikiani nao. Jua likichomoza simu hupigwa. Asipopokea hupigiwa wakala, na wakala akituzungusha huendewa ofisini kwake. Lakini binti asikiaye mama analia hunyamaza, akasema yu salama. Asikiapo sauti iliyotulia, hueleza.